Pongo, Jirani Yetu wa Kakontwe Asiyependa Kuonekana

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi hufika Likasi baada ya mwendo wa kilometa 120 hivi. Zamani za utawala wa Wabelgiji mji huo uliitwa Jadotville, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina lake la Likasi. Wageni wengi waujua kwa ajili ya shaba na kobalti tu. Lakini kando yake pana mahali paitwapo Kakontwe, penye sifa ya namna nyingine. Hapo ardhi ni ya mawe ya chokaa, yenye rangi ya kijivu, na ndani yake mna mapango wakaamo popo. Wataalamu wa miamba wamelitwaa jina la Kakontwe, wakaliita kwalo tabaka zima la mawe ya namna hiyo, hata ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Zambia. Mawe hayo yalifanyika chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kungali baridi na umande ungali juu ya majani, tulitoka na wanafunzi kumi na wawili kwenda Kakontwe kujifunza habari za mawe hayo. Tulikuwa tumejitayarisha kuwaeleza jinsi maji ya mvua yanavyolila jiwe la chokaa polepole, mwaka kwa mwaka, hata likawa pango. Somo hilo halikufika mwisho. Tulipovuka kijito, mvulana aliyetangulia alisimama akatuonyesha kitu matopeni. Zilikuwa nyayo ndogo, kila mmoja umegawanyika sehemu mbili, umechongoka mbele, mfano wa punje ya haragwe iliyopasuliwa.

«Mwalimu, ni mbuzi?» akauliza.

Mzee aliyetuongoza, ambaye alifanya kazi miaka mingi machimboni, aliinama akazitazama, akacheka kidogo. «Mbuzi gani alalaye huku, mwanangu? Huyu ni ngulungu. Amepita alfajiri. Na sasa hivi anatutazama.»

Tukageuza macho pande zote. Hatukuona kitu ila majani.

Basi, wasomaji wapenzi, tumeona vema kuwaandikia habari za mnyama huyo. Kwa maana wako wengi katika Likasi na vijiji vyake waliokula nyama yake, au waliosikia sauti yake usiku, wasiopata kumwona hata mara moja akiwa hai. Naye ni jirani yetu.

Kwanza tuseme habari ya jina. Waluba humwita ngulungu, Wabemba humwita chisongo, na wasemao Kifaransa humwita guib. Katika vitabu vya Kiswahili ameandikwa pongo au mbawala; na liko pia neno kulungu, ambalo bila shaka ni ndugu wa lile ngulungu la Waluba. Sisi tutamwita pongo. Wengine wakiona madoa yake meupe humdhania kuwa ni ayala, yule mnyama ambaye jina lake twalisikia katika Zaburi. Sivyo. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine mpya, nazo zina matawi kama mti. Pongo dume huota pembe mara moja tu, hazina matawi, nazo hukaa naye mpaka kufa kwake. Tena katika Afrika nzima ayala wa asili yu kaskazini tu, katika misitu ya Aljeria na Tunisia na pande zile. Pongo ni wa jamaa nyingine, jamaa ya tandala, pofu na nzohe wa mabwawani.

Sura yake yapendeza. Si mnyama mkubwa: dume hufika kimo cha sentimeta 80 au 90 begani, na uzito wa kilo 40 hata 80, jike ni mdogo zaidi. Mgongo wake umeinuka kidogo upande wa nyuma, kama mtu aendaye huku ameinama. Jike na watoto wana rangi nyekundu ya kahawia, kama udongo wetu baada ya mvua ya kwanza. Dume, kadiri azidivyo kuzeeka, huwa mweusi-mweusi, na nywele ndefu humsimama mgongoni akikasirika. Dume peke yake ndiye mwenye pembe. Zimenyoka, zimejisokota mara moja, na ncha zake ni kali kama mkuki.

Lakini alama yake hasa ni ule weupe. Ubavuni ana michirizi na madoa, shingoni ana mabaka mawili, na miguuni na mashavuni ana madoa mengine. Mwaka 1766 mtaalamu Peter Simon Pallas alimwandika katika vitabu vya elimu ya wanyama, akampa kwa Kilatini jina lenye maana ya «aliyeandikwa», kana kwamba mtu ametwaa chokaa akamwandika mwilini. Jina hilo ni zuri. Na maandishi hayo si pambo tu. Mwanga wa jua upitao kati ya majani hutua chini kwa vitone-vitone. Na pongo akisimama katika kivuli cha namna hiyo bila kujitikisa, jicho la mwanadamu humpita. Ndiyo sababu sisi tulitazama pande zote asubuhi ile tusione kitu.

Makao yake ni kichaka, tena kichaka kilicho karibu na maji. Wenyeji wa Katanga wajua ya kuwa nchi yetu ni nchi ya miombo: miti yenye nafasi kati yao, na majani marefu chini yake. Mahali pa namna hiyo pongo hapapendi sana, kwa kuwa hapana pa kujificha. Yeye hutafuta mushitu, yaani ule msitu mnene uotao penye chemchemi na kandokando ya vijito. Hupenda pia vile vichuguu vikubwa vya nchi yetu, ambavyo vingine vina urefu wa meta 5 na zaidi. Kila mtu ameona jinsi juu ya kichuguu kunavyoota kichaka kizito, hata pale ambapo pande zote ni majani matupu. Udongo wake una rutuba kuliko ule wa pembeni. Kwa pongo, kichuguu ni kama nyumba ya wageni njiani: atakula hapo, atalala hapo, kisha atakwenda zake.

Mchana kutwa hulala akicheua. Hutoka jioni na alfajiri; na penye watu wengi hutoka usiku tu. Hula majani machanga, maua, maganda ya mbegu na matunda yaliyoanguka. Majani ya chini, yale apendayo nyati, yeye hayategemei. Mahali penye nyani au tumbili, pongo huja chini ya mti wao kuokota wanachoangusha, wala hapotezi nguvu zake kutafuta mbali. Akikaribia shamba, hawezi kujizuia na majani ya maharagwe. Na mama zetu wenye bustani za mboga kando ya kijito wana haki ya kumlalamikia kwa neno hilo.

Huishi peke yake. Hana kundi, wala hana makuu juu ya ardhi. Wanyama wengine hupigania mipaka yao. Mapongo kadhaa waweza kuishi katika bonde moja dogo, njia zao zikikatana, bila vita. Akihofu kitu husimama kimya. Akiona amegunduliwa hubweka sauti nzito, mfano wa mbwa mkubwa, kisha huruka kichakani akiinua mkia wake wenye weupe chini. Wageni wengi wameisikia sauti hiyo usiku wakauliza mbwa wa nani amepotea porini. Akifukuzwa huingia majini, naye ni mwogeleaji hodari. Adui yake mkubwa ni chui, na watoto wake huvizwa na chatu. Lakini mtu asimdharau kwa sababu ya haya yake. Dume aliyejeruhiwa hageuki kuwa mwoga. Humgeukia adui na kuinamisha pembe. Mbwa wengi wa wawindaji wameuawa naye, na watu pia wamejeruhiwa.

Sasa tuwasimulie jambo moja ambalo hatulikumbuki kwa furaha.

Jike la pongo huchukua mimba miezi sita hivi, huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hamfuati mama yake mara moja kama mwana-mbuzi. Mama humlaza ndani ya kichaka, akaenda malishoni mbali kidogo, akarudi kumnyonyesha. Akirudi humlamba, hata kinyesi chake hukila, ili pasibaki harufu ya kumwongoza chui. Mtoto hukaa hivyo katika maficho kwa muda wa miezi, pengine mpaka minne, akilala bila kujitikisa hata ukimkaribia kwa hatua mbili. Kimya chake ndicho ngao yake.

Sisi hatukuyajua hayo tulipoanza kazi ya ualimu. Siku moja tulikwenda na watoto kukata majani ya kuezekea, tukamkuta pongo mchanga amelala chini ya kichaka, peke yake, macho yake makubwa yametutazama. Hakukimbia. Tukasema, «Maskini, ameachwa na mama yake.» Tukamchukua kwa huruma, tena kwa kiburi kidogo, kwa kuwa tulifurahi kuonekana watu wa huruma. Tukampa maziwa ya unga katika chupa. Watoto walimpa jina, wakagombania zamu ya kumshika. Usiku wa kwanza tulisikia kubweka ng'ambo ya bustani, mara nyingi, mpaka karibu na mapambazuko. Tukafikiri ni dume lililoona mbwa. Siku ya tatu yule mtoto akafa.

Yule mzee wa machimboni aliposikia habari hiyo hakutulaumu. Aliuliza tu, «Mwalimu, ukimwacha mtoto wako nyumbani amelala, ukaenda kisimani, je, umemtupa?» Swali hilo limekaa nasi miaka yote tangu hapo. Twaliandika hapa ili wazazi walisome mbele ya watoto wao. Mtoto wa pongo umkutaye peke yake hakuachwa. Mama yake yu karibu, naye angoja wewe uondoke. Msaada ulio mkubwa ni kurudi nyuma kimyakimya, usimguse wala usiwaite wenzako kumtazama.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini pongo amebaki karibu na miji yetu, hali wanyama wengine wamekwisha? Wazee wa nchi hii wasimulia juu ya palahala wenye pembe zilizopindika kama upinde, waliotembea kwa makundi katika miombo. Leo mtu wa Likasi hukua mpaka kuzeeka asimwone hata mmoja. Kaskazini kwetu, katika mabwawa ya Upemba, iko namna ya kuru iliyotambuliwa na wataalamu kuwa ya pekee mwaka 2005 tu, kwa kazi ya F. P. D. Cotterill, haipatikani mahali pengine popote duniani, nayo imo katika hatari kubwa ya kutoweka, ingawa mbuga ya taifa ya Upemba iliwekwa tangu mwaka 1939. Wanyama hao ni wa mahali peupe na wa makundi. Mwenye bunduki huwaona kutoka mbali. Pongo amebaki kwa sababu ahitaji nafasi ndogo, hula vitu vingi, na hajulikani alipo. Katika hesabu ya Afrika nzima hayumo miongoni mwa wanyama walio hatarini.

Lakini siri yake ni moja tu, nayo ni kichaka. Mwenye kumnyang'anya kichaka amemnyang'anya vyote.

Nasi twajua nani anakikata kichaka. Tunakikata sisi. Likasi na Lubumbashi hupika kwa makala, na makala hutoka katika miombo. Miti ya karibu ikiisha, watu huenda mbali zaidi. Na wasioweza kwenda mbali hushuka bondeni, wakakata mushitu wenyewe. Wengine hutega matanzi ya waya katika njia za pongo, nayo matanzi hayachagui dume wala jike mwenye mtoto aliyelazwa kichakani. Iko Sheria Na. 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inayosimamia uwindaji katika nchi yetu. Lakini waya mmoja uliofichwa majanini haumwogopi hakimu.

Tulizungumza na baba wa mwanafunzi wetu mmoja, mchoma makala, mtu wa kazi na mwenye adabu. Tulimkuta akianza kufyeka kando ya kijito kile kile tulichoona nyayo. Tulipomweleza habari za pongo alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, «Mwalimu, nimekuelewa. Lakini pongo hatanilipia karo ya shule.»

Hatukuwa na jibu la haraka, wala hatupendi majibu ya haraka kwa mtu mwenye watoto sita. Tukaketi juu ya gogo tukazungumza. Tukamweleza jaribio lililoanzishwa karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1933. Huko wataalamu waligawanya miombo katika viwanja. Kiwanja kimoja walikichoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa; kingine walikichoma mapema, majani yakiwa na unyevu bado; kingine hawakukichoma kamwe. Baada ya miaka mingi, mahali pa moto wa mwisho wa kiangazi miti ilikuwa karibu imekwisha, yamebaki majani. Mahali pa moto wa mapema miombo ilisimama. Mahali pasipochomwa palianza kuwa msitu mnene. Maana yake ni hii: mti wa miombo ukikatwa hauko tayari kufa. Kisiki chake huchipua. Kinachomaliza msitu ni shoka likifuatwa na moto mkali, mwaka baada ya mwaka, juu ya machipukizi machanga.

Yule baba aliyajua mambo hayo ya kuchipua kuliko sisi. Ndiyo kazi yake. Mwishowe yeye mwenyewe alitoa shauri. Atakata mlimani, ataacha visiki vichipue, na atachoma majani mapema, mwezi wa Mei au Juni, kuzunguka sehemu aliyokata ili moto wa Septemba usiingie. Kando ya kijito ataacha hatua thelathini kila upande, na vichuguu viwili vyenye vichaka hatavigusa. Alisema, «Si kwa ajili ya ngulungu peke yake. Mke wangu huteka maji hapa. Na pale chini walipofyeka, maji yamejaa tope.»

Neno hilo lilitufundisha. Tulikwenda kumtetea mnyama, naye akatuonyesha ya kuwa kichaka cha pongo na kisima cha mama ni kitu kimoja. Mizizi ile ile imfichayo mnyama ndiyo izuiayo udongo usiporomoke majini.

Hatusemi ya kuwa kila mtu aweza kufanya vivyo hivyo. Wako wasio na mlima wa kukata, wala miti ila ile ya bondeni. Lakini wengi twaweza kuacha ukanda mdogo wa kichaka kando ya maji, na kung'oa tanzi la waya tulionapo, na kuzungusha boma la miiba bustanini badala ya kumtegea mwizi wa maharagwe. Gharama yake si kubwa. Katika Uganda, ukoo wa Babiito, uliotoa wafalme wa Bunyoro, una pongo kuwa mwiko wake: mtu wa ukoo huo hali nyama yake. Mababa wa huko walijua tangu zamani kuwa mnyama hukaa nchini ikiwa wapo watu waliokubali kumwacha.

Mwaka uliofuata tulirudi Kakontwe na darasa jingine, safari hii tukiwa tumeazimia kumaliza lile somo la pango. Juu mlimani visiki vilikuwa vimechipua, machipukizi yamefika magotini. Bondeni ule ukanda wa kichaka ulikuwa umesimama kama tulivyopatana. Wanafunzi waliinama kijitoni mmoja mmoja, wakitafuta. Msichana mmoja akaona nyayo kubwa kidogo, na kando yake nyingine ndogo sana, zisizozidi upana wa vidole viwili vya mtoto.

Wengine wakataka kuzifuata. Yule msichana akawazuia kwa mkono. «Tuwaache,» akasema kwa sauti ya chini. «Mama yake anatutazama.»

Tukavuka kijito kimyakimya, tukaenda zetu pangoni.